Kizuri hakijiuzi

Kuna sentensi moja nimeichoka. Nimeisikia vijiweni, nimeisikia chumba cha habari, nimeisikia kwa watu wenye digrii mbili: "Siku hizi hakuna muziki mpya, wote wanaimba kitu kimoja." Ukimuuliza msemaji ni wimbo gani wa mwisho alioutafuta mwenyewe, bila kupigiwa na redio wala kurushiwa na shemeji yake kwenye WhatsApp, anaanza kuangalia viatu.

Wadau, leo nina ugomvi na watu wanne: redio, kampuni za muziki wa mtandaoni, waandishi wenzangu wa burudani, na wewe unayesoma hapa. Kaa mkao wa kula.

Ugomvi wenyewe ni kuhusu singo za wasanii wanaojitegemea. Namaanisha yule asiye na lebo, asiye na meneja mwenye namba za wakubwa, aliyelipia studio kwa mshahara wa dukani au kwa zamu yake ya kikoba. Anaweza kuwa anachana Temeke, anaimba taarab Unguja, anaimba injili Mbeya, anakimbiza singeli Mburahati au anapiga gita kavu Arusha. Wote hao wana shida moja. Siku wimbo unatoka, wanaoujua ni yeye, prodyuza, mama yake na marafiki sita. Baada ya wiki tatu ni wale wale.

Sasa ukilalamika, unapigwa na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama wimbo ni mkali utafika tu, usipofika maana yake si mkali. Kesi imefungwa, watu wanarudi kwenye kahawa.

Jamani, hebu tuitazame hiyo methali. Imetoka sokoni. Sokoni mama wa nyanya na jirani yake wamekaa kwenye busati moja, nyanya zote ziko nje, unazibonyeza, unachagua. Hapo kweli kizuri kinajiuza, maana kinaonekana. Lakini kama nyanya za mama mmoja ziko juu ya meza na za mwenzake zimefungiwa stoo, na mwenye ufunguo anataka kitu kidogo ndiyo afungue, utasemaje kwamba za stoo hazijanunuliwa kwa kuwa ni mbovu? Muziki wetu uko stoo. Swali ni nani ana ufunguo.

Tuanze na redio. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali, Redio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo usiopigwa pale haukuwa na pengine pa kwenda hewani. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango, mwaka 1994 Radio One ikaingia, na wengine wakafuata. Vijana waliokuwa wanaitwa wahuni kwa sababu ya kurap wakapata pa kusikika, na muziki wa kizazi kipya ukazaliwa. Hilo nalipa heshima yake. Bila watangazaji wachache wa wakati ule waliokuwa na masikio na ujasiri, leo tusingekuwa na Bongo Flava ya kuitukana wala kuisifia.

Ila mlango uliofunguliwa ukapata bawabu. Kwa miaka mingi wasanii wamelalamika kwamba nyimbo zao zinabaniwa wasipotoa chochote, au wasipokubali kupanda bure kwenye tamasha la fulani. Haya siyatungi. Miaka ya mwanzo ya 2010 Sugu, mmoja wa waliouanzisha muziki huu, pamoja na wenzake waliojiita Vinega, waliingia studio wakatoa mkusanyiko mzima walioupa jina la Anti-Virus, hasira yao ikiwa ni ukiritimba huo huo. Huyo ni mtu aliyekuwa na jina kubwa na kiti cha ubunge. Fikiria asiye na kimojawapo.

Dada mmoja mwimbaji, simtaji kwa sababu bado anahitaji kuishi mjini hapa, alipeleka singo yake kituo fulani. Akaambiwa wimbo ni mzuri. Kisha akaambiwa bei. Ilikuwa sawa na kodi ya chumba chake ya miezi miwili. Akalipa kodi. Wimbo wake sasa unaujua ukikutana naye ana kwa ana.

Na msidhani huu ni ugonjwa wa Bongo peke yake. Mwaka 2005 Sony BMG, moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani wakati ule, ililipa dola milioni 10 kumaliza kesi ya kuzihonga redio za Marekani, baada ya kubanwa na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Tofauti ni kwamba kule kuna aliyebanwa.

"Lakini sasa hivi kuna intaneti, redio za nini?" Nilijua utafika hapo. Twende.

Ni kweli leo kijana wa Mburahati anaweza kurekodi asubuhi na jioni wimbo ukawa hewani dunia nzima. Boomplay ipo, Mdundo ipo, YouTube ipo, na tangu Februari 2021 hata Spotify iko Tanzania na Kenya. Mlango wa kuingilia umekuwa mpana ajabu. Ndani sasa! Kampuni ya takwimu za muziki ya Luminate ilihesabu kwamba mwaka 2023 zilikuwa zinapandishwa nyimbo mpya zaidi ya 100,000 kila siku. Na kati ya nyimbo milioni 184 zilizokuwepo, milioni 45.6 hazikuchezwa hata mara moja mwaka ule mzima. Karibu robo. Hata mwenyewe hakurudi kuusikiliza.

Katika mafuriko kama hayo lazima awepo wa kukuchagulia, na aliyepewa kazi hiyo ni mtambo. Unadhani mtambo hauli? Mwaka 2020 Spotify ilianza kujaribu mpango unaoitwa Discovery Mode. Msanii au lebo inachagua nyimbo zake, mtambo unaziongezea nafasi ya kupendekezwa kwa wasikilizaji, na kwa usikilizaji unaotokana na mapendekezo hayo kampuni inakata asilimia 30 ya malipo. Hakuna bahasha mkononi, hakuna mtu wa kumkamata, na yote imeandikwa kwenye masharti. Kwetu sisi wa uswahilini bado ni kitu kidogo, kimevaa tai tu.

Halafu kuanzia mwaka 2024 Spotify wakaweka sheria nyingine: wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Hoja yao ilikuwa kwamba nyimbo za namna hiyo zilikuwa zinaingiza wastani wa senti 3 za Kimarekani kwa mwezi, kwa hiyo hakuna anayeumia. Kifedha nakubali, senti 3 hazinunui hata andazi. Lakini sikia ujumbe wenyewe: wimbo wako hauhesabiki. Na anayepandisha wimbo wake wa kwanza akiwa Singida ndiyo salamu anayokaribishwa nayo.

Sasa nageukia chumba chetu, waandishi wa burudani. Kazi yetu ilitakiwa iwe ipi kama siyo hii? Redio ikibana na mtambo ukikata chake, mwandishi ndiye anayetakiwa kuingia stoo na tochi, atoke na kusema: "Nimesikia nyimbo 30 wiki hii, 24 ni takataka, tatu ni nzuri, hizi tatu zilizobaki msizikose, na sababu ni hizi." Nani anafanya hivyo?

Fungua ukurasa wowote wa burudani. Fulani kaachana na fulani. Fulani kamjibu fulani. Fulani kanunua gari, hapana kaazima. Kiki juu ya kiki. Msanii akitoa singo tunamuuliza ana mahusiano na nani. Wimbo unatajwa kwenye mstari wa mwisho, na mara nyingi mstari huo ameuandika meneja, sisi tumenakili tukabandika. Hatusemi sauti ikoje, gita limepigwa na nani, mashairi yanasema nini, prodyuza kafanya jambo gani jipya. Michezo wana wachambuzi wanaobishana saa mbili kuhusu kona moja ya Simba na Yanga. Muziki una wachambuzi wa nguo.

Matokeo yake ni nini? Matokeo ni kwamba wengine wanatusikilizia muziki wetu.

Mfano ni singeli. Muziki huu umezaliwa Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, ukikimbia midundo 200 na zaidi kwa dakika. Ulikuwa unasambaa kwa memori kadi na kwa spika za bodaboda. Waungwana wa mjini, wenye digrii zile zile, wakasema ni kelele za wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati ikatoa Sounds of Sisso. Mwaka 2018 ikatoa Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Vijana wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya, na wahariri wa kule wakaandika kurasa kwa kurasa. Siwalaumu Kampala hata kidogo, wao walitega masikio. Nauliza sisi tulikuwa wapi. Kutoka magazeti yetu mengi ya Dar mpaka Mburahati ni nauli ya daladala moja.

Twende Bagamoyo. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogoni, alifariki mwaka 2003 akiwa anajulikana zaidi Uingereza kuliko Kinondoni. Mwaka 2017 mwanawe Msafiri Zawose akatoa Uhamiaji kupitia lebo ya Soundway, ya huko huko Uingereza. Mwaka 2024 Pendo na Leah wa familia hiyo hiyo, wanaojiita The Zawose Queens, wakatoa Maisha kupitia Real World, nako Uingereza. Ni akina mama waliokuwa wakiitikia nyuma ya wanaume, safari hii wamesimama mbele. Habari kama hiyo ingekuwa ya mchezaji wa mpira ingekuwa ukurasa wa kwanza. Ni vituo vingapi vyetu vimecheza hata dakika mbili?

Sasa tazama inavyokuwa watu wenyewe wakiamua. Wamwiduka Band walikuwa wanapiga babatoni na ngoma mitaani Mbeya, wapita njia wakawarekodi kwa simu, klipu zikazunguka, bendi ikafika jukwaa la Sauti za Busara. Nairobi, mwaka 2018, vijana wanne wa mtaa wa Umoja waliojiita Ethic waliweka Lamba Lolo kwenye YouTube, wenzao wakausambaza, na wimbi zima la gengetone likafuata. Unaweza kuyapenda au kuyachukia mashairi yao, hilo ni jambo lingine. Ninachosema ni kwamba mtaa ulitangulia.

Na hili si jambo la enzi ya simu. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, hakuna redio iliyokuwa imempiga. Watu wa Unguja walikuwa wameshamsikia wenyewe, wakambeba mdomoni nyumba kwa nyumba, na kampuni ikaja baadaye kufuata kilichokwisha kuamuliwa. Kizuri hakikujiuza hata siku ile. Kilibebwa.

Kwa hiyo wewe msomaji ndiye mtu wa nne. Umesoma, una simu, una masikio, mara nyingine una na bando. Unatumia jioni nzima kuchagua viatu mtandaoni lakini wimbo unaletewa, unameza, kisha unalalamika chumvi. Unataka msanii ajitegemee huku wewe masikio yako yanategemea.

Kinachopotea ni kikubwa kuliko unavyodhani. Msanii anayejitegemea kwa kawaida hana singo kumi za kujaribia. Ana mbili, akijikaza tatu. Ya kwanza anajifunza, ya pili anaanza kujijua, na ya tatu ndiyo ingekuwa ile. Lakini ya kwanza na ya pili zikianguka kimya, ya tatu haiji. Anauza gita, anarudi dukani. Sote tunamjua mmoja aliyekuwa anaimba zamani. Hakukosa kipaji, alikosa watu mia moja.

Mia moja sijaitoa hewani. Rudi kwenye ile sheria ya 1,000. Watu 100 wakisikiliza wimbo mara 10 kila mmoja kwa mwaka mzima, hiyo ni 1,000. Mara 10 kwa mwaka! Chapati tunakula zaidi ya hapo. Ofisi yako na kundi lako la waliosoma pamoja kidato cha nne mnatosha kuutoa wimbo wa mtu kaburini.

Najua maneno yanayokuja, nayajibu moja moja.

"Bando ghali." Video ni ghali, kweli. Lakini wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida wa sauti ni kama MB 4 tu. Klipu mbili za watu wanaogombana zinakula zaidi, na hizo hujawahi kuzilalamikia.

"Nyingi ni mbovu." Naam, nyingi ni mbovu, nimezisikia kwa masikio haya. Kuna wanaoimba nje ya ufunguo, kuna wanaoiga Wanaijeria mpaka kikohozi. Simwombi mtu awahurumie. Sadaka peleka msikitini au kanisani. Wimbo ukiwa mbaya sema ni mbaya, na sema kwa nini. Msanii anayeambiwa ukweli anaujua ukubwa wa kazi iliyobaki. Anayepata kimya hajui kama kakosea au hakusikika.

"Sina muda." Nusu saa kwa wiki. Ndiyo foleni ya Ubungo siku nzuri.

Namna ya kufanya ni rahisi.

1. Fuata maprodyuza. Wimbo ukikugusa, sikiliza jina linalotajwa mwanzoni, maana prodyuza wa Bongo lazima ajitaje. Litafute jina hilo. Utakuta kawatengenezea watu watano usiowajua, na wawili watakushangaza.

2. Tumia orodha za waliokwisha kuchuja kwa masikio. Sauti za Busara inafanyika Mji Mkongwe tangu mwaka 2004, na inatangaza wasanii wake mapema. Hata kama huna nauli ya boti, chukua orodha ile, kaa nyumbani, sikiliza jina moja moja. Fuatilia pia wanaotoka Dhow Countries Music Academy, shule ya muziki ya Unguja iliyoanza mwaka 2002, na wanaopiga Nafasi Art Space pale Mikocheni.

3. Vuka uzio. Kama wewe ni mtu wa hip hop, wiki hii sikiliza taarab mpya. Kama ni mtu wa injili, sikiliza singeli moja, hutakufa. Kuna wimbo unakosa pa kupigwa kwa sababu tu mtangazaji hajui auweke kipindi gani.

4. Usiutume wimbo bila jina. Hili linaniuma. Wimbo ukizunguka WhatsApp unageuka faili la AUD na tarakimu ndefu, mtu anaupenda, hamjui mwenyewe. Tuma kiungo chake, andika jina la msanii, la wimbo na la prodyuza. Sekunde kumi.

5. Ukipenda, lipa. Kiingilio cha onyesho dogo kinamsaidia kuliko mapendekezo elfu ya mtambo.

Nanyi wasanii msikae mnapiga makofi. Singo inatoka bila jina la mtunzi, bila tarehe, jina lako limeandikwa kwa namna tatu sehemu tatu, tutakupataje? COSOTA ipo chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, sajili kazi yako kabla ya kulia. Na ukimpelekea mwandishi wimbo, peleka wimbo, acha habari za ex wako.

Kwa upande wangu, kila Ijumaa hapa nitaweka singo moja ya msanii anayejitegemea, aina yoyote, kutoka popote Kiswahili kinapoimbwa. Nitaandika nimesikia nini na kwa nini inafaa au haifai. Hakuna malipo, na atakayeniletea bahasha nitaiandika kiasi chake hapa hapa. Wewe kazi yako ni kunibishia ukiwa umesikiliza.

Ila usije na ile sentensi ya hakuna muziki mpya. Ukija nayo, nitakuuliza ulitafuta wapi.

Naomba kuwasilisha.